Mashine ya Trei Kumi

Watson Sichone hakuwa mwizi. Yeye mwenyewe angekuambia hivyo, taratibu, huku amekushika bega na kukuangalia machoni. Mwizi, kwa maelezo yake, ni mtu anayechukua kitu ambacho hujampa. Yeye kila alichowahi kuondoka nacho mjini Tunduma alikabidhiwa na mwenyewe kwa mikono miwili, mara nyingi na soda ya baridi juu.

Asubuhi moja alivuka mpaka hadi Nakonde, upande wa Zambia, akaingia yadi ya vyuma chakavu ya bwana mmoja aitwaye Kasiani. Alikuwa anatafuta betri ya pikipiki. Betri hakuipata, ila kwenye kona, juu ya rundo la feni mbovu, aliona sanduku jeusi la chuma lililomfikia gotini. Upande wa mbele lilikuwa na trei za CD zilizopangwa juu kwa juu: moja peke yake kileleni, na kumi chini yake.

"Hii ni nini, bwana Kasiani?"

"Mashine ya kudurufu CD. Ilikuwa ya ofisi moja ya mafunzo ya kilimo, wamefunga. Unaweka CD yenye maneno hapo juu, tupu kumi hapo chini, unabonyeza. Zile kumi zinakuwa kama mama yao."

"Inafanya kazi?"

Kasiani alikuwa mtu mkweli, jambo lililokuwa limemfanya abaki kwenye vyuma chakavu hadi uzee. "Inawaka," alisema. "Inanguruma vizuri, taa zinacheza, trei zinatoka na kurudi. Ila haiandiki. CD inaingia tupu, inatoka tupu."

Watson aliizunguka mashine mara mbili. Akaipapasa kichwani. Mtu mwingine pale angeona chuma cha kupima kwa kilo, lakini Watson aliona kwaya.

Hapa inabidi tusimame kidogo, maana wako watakaouliza nani siku hizi anahangaika na CD. Ni kweli mjini watu wamehamia kwenye flashi na simu. Lakini kwaya ni kwaya. Kwaya ikirekodi, sharti izindue, na ikizindua, sharti kuwe na kitu cha kuinua juu mbele ya watu, chenye kava, chenye picha ya wanakwaya wamesimama bustanini wamevaa sare. Flashi huwezi kuiinua juu. Ukiinua flashi kanisani, watu wa viti vya nyuma watadhani umeokota kifungo. Isitoshe, huko mashambani Mbozi bado kuna deki katika kila nyumba yenye sola, na deki haili flashi zote.

"Elfu thelathini za kwenu," alisema Kasiani.

"Ishirini na tano, na nakuombea dua."

Waliafikiana ishirini na nane bila dua.

Sasa, Watson hakuwa anazitaka pesa ili azitumbue. Hilo lisemwe wazi kwa haki yake. Alikuwa na miaka arobaini na moja, na alikuwa amechoka kubadili njia kila akiona mtu anayemfahamu. Kwenye barabara kuu ya kwenda mpakani kulikuwa na fremu ya duka yenye mlango wa vioo, mali ya Mzee Masudi, mfanyabiashara wa malori aliyetoka Singida miaka mingi iliyopita na kuuchukua mji kama kwao. Watson aliipenda fremu ile. Alipita mbele yake kila siku, wakati mwingine mara mbili, akijiona ndani amekaa kwenye kiti kinachozunguka, anauza simu za halali kwa risiti za halali, na bango juu limeandikwa jina lake. Masudi alitaka kodi ya mwaka mzima mkupuo mmoja, milioni nne. Watson alikuwa na milioni moja na nusu tu, aliyokuwa ameitenga kwa makabati, bango na bidhaa za kuanzia. Kwa kifupi, alikuwa ameshaamua kuwa mtu mwaminifu. Alichokosa ni mtaji.

"Nipe wiki tatu, mzee wangu," alimwambia Masudi jioni ile. "Nina mashine ya CD naiuza Iyula. Nikirudi huko, nakulipa."

"Wiki tatu," alisema Masudi. "Ya nne nampa mwingine. Kuna mama mmoja wa Vwawa naye anaiulizia."

Mwenyekiti wa kwaya ya Iyula aliitwa Yonasi. Alikuwa mkulima wa kahawa, mtu wa besi nzito na suti moja, na kwaya yake ilikuwa imetoka kurekodi wiki ile ile. Watson alimkuta uani kwake anageuza kahawa kwenye kichanja.

"Shikamoo, mzee Yonasi."

"Marahaba, baba. Karibu. Unatokea wapi?"

"Tunduma. Mimi ni mkurugenzi wa mambo ya mitambo. Nimesikia kwaya yenu imetoka studio, nikasema nipite niwape hongera." Watson alichukua kiti bila kukaribishwa mara ya pili, akashika punje ya kahawa, akainusa kama anayejua. "Kopi moja wanawachaji ngapi huko studio?"

"Elfu moja na mia tano. Wametukamua, baba."

"Na ninyi ndio mliotunga?"

"Sisi wenyewe."

"Mkaimba ninyi?"

"Miezi minane tumefanya mazoezi."

Watson akatikisa kichwa kwa huzuni, kama daktari aliyechelewa kuitwa. "Mzee, mwenye mashine ndiye anayevuna. Mwimbaji analima tu. Mbozi hii nzima kuna kwaya ngapi?"

Yonasi akaanza kuhesabu kwa vidole. Vilipokwisha vya mikono aliacha.

"Zote hizo zinapeleka hela mjini," alisema Watson. "Mashine ikiwa hapa Iyula, foleni itaanzia kwenye kichanja hiki."

Yonasi akageuza kahawa mpaka mwisho wa kichanja. Halafu akasogea karibu na kushusha sauti, ingawa uani hapakuwa na mtu ila kuku. "Na tuseme mtu amepata masta, ile CD mama, ya kwaya nyingine. Labda wale wa Mbozi Mission, wanaopendwa sana. Mashine inakataa?"

"Mashine haiulizi wimbo ni wa nani, mwenyekiti."

Basi. Watson aliondoka na masta ya kwaya mfukoni, "nikaipime kama inaendana na mtambo," na moyo mweupe kabisa, kwa sababu tangu zamani alikuwa na kanuni moja: hachukui kwa mtu ambaye hajaonyesha tamaa. Alipofika Tunduma alikodi laptopu kwa fundi mmoja, akachoma nakala kumi za ile masta, moja baada ya nyingine, akazirudisha ndani ya pakiti yake na kuiziba upya kwa gundi.

Jumamosi iliyofuata wanakwaya wote walikusanyika ndani ya kanisa. Mashine iliwekwa juu ya meza, imepigwa rangi ya kiatu mpaka inang'aa. Watson alikuwa amevaa tai. Alieleza kwa nusu saa habari za miale na mizunguko, akitumia maneno ambayo hata yeye alikuwa anayasikia kwa mara ya kwanza. Kisha akafungua pakiti ya CD "tupu, halisi za Kijapani, nyingine mashine hii inazitema," akaanza kuzilaza kwenye trei.

Hapo ndipo alipoingia Fides. Alikuwa katibu wa kwaya na ndiye aliyetunza hazina yake, mwanamke wa miaka thelathini na kitu mwenye stesheneri ndogo pale Vwawa, na alikuwa amechelewa kwa sababu ya wateja. Alisalimia, akapita moja kwa moja hadi mezani, akachukua CD moja kwenye trei ya nne. Akaigeuza chini juu. Akaielekeza dirishani, akaitazama kwa makini, akaichezesha kidogo kwenye mwanga. Halafu akarekebisha kilemba chake, akaingiza ndani unywele uliotokeza, na kuirudisha CD mahali pake.

Watson akatabasamu moyoni. Wanawake, alijiambia, hawapiti kioo. Akabonyeza kitufe.

Mashine ikanguruma. Taa zikakimbizana kutoka juu hadi chini, na feni ikapuliza mpaka karatasi za nyimbo zikaruka mezani. Ilikuwa kelele ya heshima kubwa. Dakika tano baadaye trei zikatoka zote kwa pamoja, Watson akachukua CD yoyote, akawapa waiweke kwenye deki.

Kwaya ikajisikia. Walikuwa hawajawahi kujisikia kwenye kitu chao wenyewe, ndani ya kanisa lao wenyewe. Msichana wa sauti ya kwanza aitwaye Atupele alijifunika uso kwa kitenge akalia, na Yonasi akatazama juu kwenye mabati kwa muda mrefu. Watson naye, lisifichwe, alifuta jicho kwa ncha ya tai. Alikuwa mtu wa hisia. Ilimsaidia sana kazini.

"Bei?" aliuliza Fides.

"Milioni nne, dada."

Wote walijua milioni nne ni nini, kwa sababu walikuwa nazo, na zilikuwa ndizo zote. Watu thelathini na wanane walikuwa wamechuma kahawa ya watu kwa kibarua misimu mitatu, na kupalilia mahindi ya watu Jumamosi, ili kwaya iwe na kitu chake. Yonasi alifungua mdomo kukubali, lakini Fides alimtangulia.

"Tutalipa. Ila kwa utaratibu wetu, mkurugenzi. Cha kwanza, barua ya dhamana, uandike kwa mkono wako na usaini."

"Hilo ni dogo." Barua kwa Watson ilikuwa raha. Aliandika pale pale, kwa mwandiko wa kulala ubavu: kwamba mashine hii inatoa nakala safi, kamili, zisizo na kasoro yoyote, kila moja sawa na ya kwanza, nami Watson Sichone, Mkurugenzi, nathibitisha. Akasaini kwa mkia mrefu uliozunguka ukurasa nusu.

"Cha pili, CD mia mbili za kuuza siku ya uzinduzi. Sisi bado hatujaizoea mashine, tutaiharibu. Tuchomee wewe, iwe kama nyongeza."

Watson aliikumbuka ile laptopu ya kukodi. "Sawa, dada."

"Na cha tatu, hela zetu hatukabidhi kichochoroni. Tunakabidhi hadharani, siku ya uzinduzi, mbele ya usharika. Kwa hiyo tunaomba wewe ndiye uwe mgeni rasmi."

Mtu anaweza kujilinda na mengi hapa duniani. Anaweza kukataa pombe, na hata kukataa kugombea udiwani. Lakini sijawahi kusikia Mtanzania aliyeambiwa awe mgeni rasmi akaomba muda wa kufikiri. Katika maisha yake yote alikuwa amewahi kuwa mgeni, tena mara nyingi asiyetakiwa, lakini rasmi hakuwahi.

"Nitakuja," alisema.

Wiki ile Watson alifanya kazi. Mia mbili si mchezo ukiwa na laptopu yenye trei moja. Alinunua CD mia mbili kwa pesa yake, akajifungia mchana kutwa kwenye chumba cha fundi, anaingiza, anasubiri, anatoa, anajaribu kama inacheza, anaingiza nyingine. Nje malori yalikuwa yamepanga foleni mpaka huoni mwisho wake, na yeye alikuwa ndani na kwaya ya Iyula. Kufika CD ya sitini alijua maneno ya nyimbo zote. Kufika ya mia na ishirini alikuwa anaimba sauti ya tatu bila kujitambua, na fundi akamwuliza kama ameokoka. Moja ikikwama, aliitupa na kuichoma upya. Kwa nini alihangaika hivyo, hakujua. Alijiambia ni ujanja, kwamba mzigo wa bure ukiwa mzuri hakuna atakayeikagua mashine. Ilikuwa kazi ya kwanza ya halali kupita mikononi mwake kwa miaka sita, na aliifanya vizuri.

Jumapili ya uzinduzi kanisa lilifurika. Mgeni rasmi aliwekwa mbele kwenye sofa lililoazimwa kwa mchungaji, lina vitambaa vya kufuma, na mbele yake meza yenye maji ya chupa na maua. Alivishwa skafu. Kwenye mfuko wa ndani wa koti alikuwa na ile milioni moja na nusu, yote. Pesa zake hakuwahi kuziweka kwenye simu, kwa sababu alijua vizuri sana jinsi watu wanavyoibiwa kwenye simu. Na hakutaka kuziacha chumbani, maana jioni ile ile alitaka apite kwa Masudi amalize habari ya fremu.

Kumbe Masudi mwenyewe alikuwa pale, amekaa mstari wa pili na kofia yake nyeupe.

"Malori yake ndiyo yanabeba kahawa yetu," Fides alimnong'oneza Watson. "Tumemwalika kama jirani."

Masudi aliinama mbele akampa mkono. "Kumbe ndiyo mashine yenyewe, bwana Watson. Na wewe ndiye mgeni rasmi. Sikujua nina mpangaji mkubwa hivi."

Watson alikaa wima zaidi.

Mambo yalikwenda kwa utaratibu wake. Mashine ilifunuliwa kitenge, watu wakapiga vigelegele. Yonasi alitoa hotuba ndefu kuhusu maendeleo, na machozi yake yalikuwa ya kweli. Kisha akaleta kwenye sinia kifurushi cha ukubwa wa tofali dogo, kimefungwa karatasi ya zawadi na utepe mwekundu, akakikabidhi kwa mikono miwili. Watson alikipokea kwa mikono miwili. Kilikuwa na uzito wake. Mchungaji, ambaye hakujua lolote zaidi ya ratiba aliyopewa, akakiombea: Bwana amjalie mgeni wetu kila anachostahili. Watson alisema amina kwa nguvu kuliko wote.

Ndipo akasimama mshereheshaji, kijana mwembamba aitwaye Moses.

"Sasa, kwa desturi yetu, nakala ya kwanza haiuzwi kwa bei ya mezani. Nakala ya kwanza ni ya mgeni rasmi. Ataikomboa kwa kiasi atakachoguswa."

Hilo Watson alikuwa amelitegemea. Alisimama, akafunga kifungo cha koti, akatoa elfu hamsini kwa namna ambayo kila mtu aliziona. Watu wakapiga makofi. Alikuwa anaketi aliposikia sauti mstari wa pili.

"Mimi ni jirani tu," alisema Masudi. "Lakini nyimbo zimenigusa. Laki mbili."

Kanisa likavuma. Moses akainua mkono. "Ndugu zangu, mgeni rasmi amefunikwa. Huku kwetu mgeni rasmi hafunikwi. Akifunikwa, kwaya nayo imefunikwa. Mgeni wetu?"

Watson alitazama watu. Watu mia tatu walimtazama, na mbele yao Masudi, mwenye fremu, anatabasamu kwa adabu. Alitazama kifurushi kwenye goti lake. Milioni nne zilikuwa pale, zimelala kwenye utepe. Laki tatu ni nini?

"Laki tatu," alisema.

"Laki tano," alisema Masudi.

"Sita."

"Nane. Sauti ya tatu imenigusa sana."

Akina mama walikuwa wamesimama, wanacheza. Watson alipiga hesabu upesi, kama alivyozoea. Fremu ni milioni nne, na milioni nne anazo. Ile moja na nusu ni ya makabati na bango. Makabati yanaweza kungoja. Heshima mbele ya mwenye nyumba haiwezi kungoja, na kushindwa mbele ya umati huu ndiyo njia ya haraka ya watu kuanza kujiuliza huyu ni mkurugenzi wa nini hasa.

"Milioni," alisema, na sauti yake ikapanda mpaka ya pili.

"Milioni na laki nne," alisema Masudi, akijifuta uso kwa leso.

Watson akasimama. Akaingiza mkono kwenye koti, akatoa zote, zile hamsini za mwanzo zikiwa juu. "Milioni moja na nusu. Taslimu. Na nyimbo zenu nazijua zote kwa moyo."

Hilo la mwisho lilikuwa kweli, na labda ndilo lililowamaliza watu. Masudi aliinua mikono kuonyesha ameshindwa. Kwaya ikaimba, na mgeni rasmi aliimba nao sauti ya tatu, CD mkono mmoja, kifurushi mkono mwingine. Alikuwa na furaha ya kweli. Nakala nyingine mia moja na tisini na tisa ziliisha kabla chakula hakijaiva.

Masudi alimpa lifti kurudi Tunduma. Fides alikaa kiti cha mbele, alisema ana shughuli mjini. Watson alikaa nyuma na kifurushi mapajani. Kutoka Iyula hadi Vwawa vidole vyake vilikuwa vinauchezea utepe, na kutoka Vwawa hadi Tunduma alivikalia. Mgeni rasmi hahesabu pesa ndani ya gari la mtu.

"Tumalizie leo leo?" aliuliza Masudi walipofika.

"Leo leo, mzee."

Masudi akafungua mlango wa vioo, na Fides akaingia nyuma yao. Ndani kulikuwa na meza moja na kiti kimoja, na harufu ya rangi mpya. Watson akakaa kwenye kiti, hakuweza kujizuia. Akafungua utepe, akachana karatasi ya zawadi, na kusogeza rundo mbele ya Masudi.

Zilikuwa karatasi mia nne, zimekatwa sawasawa kwa ukubwa wa noti ya elfu kumi. Masudi alivaa miwani, akachukua ya juu.

"Mashine hii inatoa nakala safi, kamili, zisizo na kasoro yoyote," alisoma. Akachukua ya pili. "Kila moja sawa na ya kwanza." Akachungulia ya katikati, halafu ya mwisho. "Hapa umesema kweli, bwana Watson. Zote ziko sawa. Hata huu mkia wa saini."

Watson alichukua moja, akaigeuza. Nyuma ilikuwa tupu.

"Ilibidi niipunguze barua mara nne ndipo itoshe," alisema Fides. "Nimekesha nazo kwenye mashine ya fotokopi."

"Dada," alisema Watson, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine. "Ulijua lini?"

"Siku ile ile. CD tupu ukiigeuza chini ni rangi moja tu. Ikishaandikwa, panatokea duara, rangi inakuwa nzito mpaka pale maneno yalipoishia. Nachoma CD za watu Vwawa mwaka wa sita huu. Yako ilikuwa na duara kabla haijaingia."

"Nilidhani unajitazama."

"Najua. Ndiyo maana nilirekebisha kilemba." Akavuta pumzi. "Nilikuwa nataka kukuumbua pale pale. Lakini nikamwona mwenyekiti anavyoangalia juu. Nikasema, kama nitamvunja moyo, basi niwe na cha kumpa badala yake. Na fremu hii nilikuwa naiulizia mimi; mzee Masudi akaniambia yuko mtu amenitangulia, anasubiri auze mashine Iyula."

Watson akamtazama Masudi. Masudi akatazama rangi ya ukuta.

"Hela za kwaya nimelipwa tangu Ijumaa," alisema. "Kodi ya mwaka. Watafungua stesheneri ya kwaya hapa. Fotokopi, kuchoma CD, kuweka nyimbo kwenye flashi."

"Na moja na nusu yangu?"

"Ulinunua CD," alisema Fides. "Tumeshaagiza makabati. Na bango."

Makabati na bango. Hapo ndipo Watson alipoumia hasa. Akasimama. "Nitakwenda polisi."

"Nenda," alisema Fides. "Nenda na barua yako. Nakala unazo za kutosha."

Watson akakaa tena. Nje lori lilipiga honi ndefu. Aliitazama fremu, kuta zake, mlango wake wa vioo, yote kama alivyokuwa ameyapanga kichwani, hadi mahali pa kabati la kwanza, ila yeye hakuwamo.

Fides alikuwa anazikusanya zile karatasi, anazigonga mezani zikae sawa. Alifanya hivyo kwa muda kuliko ilivyohitajika.

"Zile mia mbili," alisema mwishowe. "Nilizijaribu zote. Hakuna hata moja iliyokwama. Studio huwa wanatoa ishirini mbovu katika kila mia."

"Zilizokwama nilizitupa."

"Nimeona. Nahitaji mtu wa kuchoma CD. Mshahara si mkubwa, na droo ya pesa ninakaa nayo mimi. Kesho saa mbili."

Watson alikuwa amepanga kuwa mtu mwaminifu kuanzia Jumatatu ile. Hakuwa amepanga kuajiriwa. Aliondoka bila kujibu, na CD yake ya milioni moja na nusu mfukoni, na Masudi akaweka dau la elfu tano kwamba hatarudi.

Elfu tano hiyo aliichukua Fides, kabla saa mbili haijafika.

Ile mashine iko Iyula mpaka leo, juu ya meza ya mwenyekiti. Yonasi alielezwa taratibu, baada ya duka kuanza kuleta faida, na hajawahi tena kuulizia masta za Mbozi Mission. Na ukipita Tunduma ukachomewa CD kwenye duka lile la mlango wa vioo, utapewa risiti, karatasi ndogo ya ukubwa wa noti. Ukiigeuza nyuma utakuta maneno ya dhamana, yamenakiliwa vizuri, na saini yenye mkia mrefu. Zilibaki karatasi mia nne, na Fides si mtu wa kutupa karatasi. Anayekuandikia upande wa mbele ndiye aliyesaini upande wa nyuma, na CD yake, lazima tuseme, haikwami.